Maswali ya Wasomaji: Zumu ya Kiwanjani na Mwanga wa Saa Kumi na Mbili

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, pokea salamu kutoka Mbagala. Mimi hupiga picha za mechi za mchangani, na mara mojamoja za mpira wa pete katika shule za jirani, na sasa timu mbili za mtaani zimeanza kunilipa chochote kwa kazi hiyo. Kamera yangu ni Canon EOS 700D, na lenzi niliyo nayo ni ile ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo, ambayo wachezaji wakiwa mbali kidogo hutoka wadogo kama siafu. Nimeweka akiba ya shilingi 1,200,000. Kariakoo nimeonyeshwa lenzi tatu za Canon, zote zikiwa ndani ya akiba yangu: 75-300, 55-250 yenye maandishi ya STM, na 70-200 nyeupe ya f/4 iliyotumika, ambayo haina kizuia mtikisiko. Muuzaji anasisitiza nichukue ya 300 kwa sababu ndiyo inayovuta kuliko zote. Naomba ushauri.

JIBU: Ndugu yangu wa Mbagala, kabla ya kuzigusa lenzi hizo tatu, jiulize kwanza mechi zako huanza saa ngapi. Hapa Dar es Salaam jua huzama baada ya saa 12 jioni kwa mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Mechi ya mchangani iliyopangwa kuanza saa 10:30 jioni, ikiwa na dakika 90 za mchezo na 15 za mapumziko, humalizika kama saa 12:15, na hapo sijahesabu kuchelewa kwa mwamuzi wala ule ubishi wa jezi zinazofanana, mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Maana yake ni kwamba dakika 20 za mwisho, ambazo ndizo zenye mabao ya kusawazisha na vurugu za langoni, unazipiga wakati mwanga unakwisha. Muuzaji amekuhesabia masafa, lakini mwanga hakukuhesabia.

Namba inayofuata herufi f kwenye lenzi ndiyo inayoeleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya f/4 hupitisha mwanga mara mbili ya lenzi ya f/5.6, na ile ya f/2.8 hupitisha mara nne. Ukitazama vizuri utaona kwamba 75-300 na 55-250 zote huandikwa f/4-5.6, yaani zinaanza na f/4 ukiwa hujavuta, lakini ukishavuta hadi mwisho, ambako ndiko utakakokuwa muda mwingi, zinabaki na f/5.6. Ile 70-200 nyeupe hubaki na f/4 kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tuyapeleke hayo kiwanjani, tukianza na muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Mshambuliaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde husogea sentimita 5.6 ndani ya sehemu moja ya 125 ya sekunde, na hiyo inatosha kabisa kuufanya uso wake uwe uji. Katika sehemu moja ya 1000 husogea milimita 7 tu, na hapo ndipo utakapoziona hata chembe za mchanga zikiruka kutoka kwenye njumu. Kwa soka mimi huanzia 1/1000, na mwanga ukinibana nakubali kushuka hadi 1/500, lakini chini ya hapo nakuwa nabahatisha. Sasa chukua dakika ile ya 80: ikiwa 70-200 yako kwenye f/4 inakupa 1/500 kwa ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), lenzi ya f/5.6 hapo hapo itakupa 1/250. Ukitaka kuirudisha kwenye 1/500 itakubidi upandishe ISO hadi 6400, na kwenye kamera yako hiyo chenga, yaani vidoadoa, zitaanza kuonekana hasa kwenye maeneo ya kivuli, zikiwemo nyuso za wachezaji wenyewe.

Hofu yako, nadhani, ni kwamba milimita 200 hazitafika. Sensa ya 700D, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 22.3, hivyo kwa lenzi ya milimita 200, mchezaji akiwa mita 30 kutoka kwako, picha yako itachukua upana wa mita 3.3. Igeuze kamera isimame wima, na mchezaji wa kimo cha kawaida atajaza zaidi ya nusu ya picha, akiwa na nafasi ya mpira juu ya kichwa. Lenzi ya milimita 250 ingekupa picha hiyo hiyo ukiwa mita 37 na nusu. Basi tofauti ya 200 na 250, ambayo dukani inaonekana kubwa, kiwanjani ni mita 7 na nusu, nawe una miguu. Kwenye uwanja mkubwa kama wa Benjamin Mkapa, wenye njia ya riadha inayouzunguka na utaratibu wa mahali wapiga picha wanapokaa, hoja hiyo ingepungua nguvu. Lakini mchangani, ambako mashabiki wenyewe ndio wanaochora mstari kwa vidole vya miguu yao, hakuna atakayekuzuia kukaa hatua chache kutoka kwenye kibendera cha kona, na kutoka hapo eneo la hatari lote limo ndani ya uwezo wa milimita 200. Mchezo ukihamia upande wa pili, uache uende. Hakuna lenzi ya bei yako itakayokupa picha nzuri kutoka mita 90, na anayekimbizana na mpira kutoka goli hadi goli hukosa pande zote mbili.

Kuhusu 75-300, nakuambia nikiwa nimekwishalipa ada ya somo hilo. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na lenzi ya aina hiyo hiyo, na jioni moja nilikaa nyuma ya goli nikisubiri kona ya mwisho. Mpira ulipigwa, beki akaruka, mshambuliaji akaruka juu yake, nami nikabonyeza. Lenzi ikaanza kulia zii, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele, na ilipotulia wachezaji walikuwa wameshakumbatiana kwenye kibendera cha kona. Nina picha kali sana ya nyavu za goli hilo. Mota ya fokasi ya lenzi ile, yaani inayoilenga mpaka picha iwe kali, ni ya polepole, kizuia mtikisiko haina, na ukiivuta hadi 300 picha hulegea. Urefu wake ndio sifa yake pekee, na kwa kazi yako haitoshi.

Zinabaki mbili. Ile 55-250 STM (hilo ni jina la aina ya mota yake ya fokasi) ni lenzi ya heshima kuliko bei yake: ina uzito wa gramu 375 tu, fokasi yake ni ya kimya na ya haraka ya kuridhisha, na ina kizuia mtikisiko. Kama mechi zako zingekuwa za asubuhi ya Jumamosi, au kama mpira wa pete wa mashuleni ndio ungekuwa kazi yako kuu, ningekuambia ichukue na chenji iliyobaki ununue betri ya pili. Lakini umesema timu za mtaani ndizo zinazokulipa, na timu za mtaani hucheza jioni. Chukua 70-200 ya f/4. Mota yake ni ya USM, aina ya mota ya kasi, ambayo kwa mchezaji anayekuja mbio upande wako ni kitu kingine kabisa, na uzito wake wa gramu 705 utaubeba dakika zote 90 bila kulalamika.

Kukosa kwake kizuia mtikisiko kusikunyime usingizi. Kifaa hicho hutuliza mkono wa mpiga picha, hakimtulizi mchezaji. Ukiwa kwenye 1/1000 mkono wako hauna madhara tena, na ukiwa kwenye 1/60 mchezaji atatoka kama moshi hata lenzi yako iwe na vizuia mtikisiko vitatu. Utakikumbuka siku ya kupiga wageni waalikwa wakiwa wamekaa jukwaani chini ya turubai. Siku hiyo egemea nguzo.

Na lenzi yoyote utakayochukua, hakikisha kamera umeiweka kwenye AI Servo, ili fokasi imfuate mchezaji badala ya kujifunga mahali alipokuwa. Tumia pointi ya fokasi ya katikati peke yake, nayo uiweke kifuani mwa mchezaji, si usoni, kwa kuwa uso ni mdogo na hauachi kutikisika.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Ilala, natumia Nikon D5300. Kuna fundi kamera ananiuzia lenzi ya Nikon AF 80-200 f/2.8D iliyotumika, kwa bei ambayo sijawahi kuiona kwa lenzi yoyote ya f/2.8. Nataka kuitumia kwenye mpira wa kikapu usiku. Niichukue kabla mtu mwingine hajaiwahi?

JIBU: Usikimbie, kaka. Lenzi hiyo ni nzuri kwa kweli, na kwa kikapu cha usiku f/2.8 ndiyo ninayoitaka, kwa sababu taa za viwanja vyetu vingi hazimuliki sawasawa. Tatizo lipo kwenye ndoa yake na kamera yako. Lenzi za Nikon za aina ya AF-D hazina mota ndani. Fokasi yake huzungushwa na mota iliyomo ndani ya kamera kupitia kijiti kidogo kinachochomoza kwenye mdomo wa kamera, na D5300, kama zilivyo kamera za familia ya D3000 na ya D5000 zote, haikuwekewa mota hiyo. Itaingia, itapiga picha, na mwanga itaupima, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono, na kumfuata kwa mkono mtu anayeruka kufunga ni kazi ya wazee wachache waliobaki. Bei imeshuka, nadhani, kwa sababu hiyo hiyo. Ama tafuta lenzi yenye maandishi ya AF-S, ambayo mota imo ndani yake, ama uwe tayari kuhamia kwenye mwili (kamera bila lenzi) kama wa D7100 wenye mota, kisha upige hesabu ya vyote viwili pamoja. Mara nyingi bei rahisi huishia hapo.

Iwe hiyo au nyingine, lenzi iliyotumika usiinunue usiku wala ndani ya duka lenye giza. Nimewahi kufanya hivyo, nikafika nyumbani nikawasha tochi ya simu na kuielekeza upande wa nyuma wa kioo, nikaona nyuzi nyembamba nyeupe zimetandaa ndani kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu, ambayo kwa joto na unyevu wa Pwani hupenda sana lenzi zinazolala kabatini ndani ya mikoba ya ngozi. Kwa hiyo tochi kwanza. Kisha fungua na ufunge tundu, na utazame kama vipande vyake vya chuma ni vikavu, kwa maana vikiwa na mafuta hukwama. Baada ya hapo mwombe muuzaji usimame naye kibarazani, uweke kamera kwenye fokasi ya kufuata, ambayo kwako huandikwa AF-C, na upige mfululizo bodaboda zinazokuja upande wako. Barabara yoyote ya Kariakoo itakupa bodaboda 20 ndani ya dakika moja. Zikuze picha hizo kwenye kioo cha kamera na utazame namba za usajili: zikisomeka katika picha nyingi, lenzi ni nzima. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya jaribio hilo, mshukuru na uendelee na safari yako.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Niko Kigamboni, napenda kupiga ngalawa zikiwa zimetweka matanga. Nina zumu, yaani lenzi ya kuvuta, inayoishia 300 kwa f/5.6. Je, nikiongeza konveta ya mara 2, ile inayofungwa kati ya lenzi na kamera ili kuongeza uvutaji, nitapata 600 kwa bei nafuu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utapata 600, lakini ya f/11, kwa sababu konveta ya mara 2 hupunguza mwanga hadi robo, na kamera nyingi za kioo (zenye kioo cha kuakisi ndani), hasa za bei ya kati, hushindwa kufokasi tundu likiwa dogo kuliko f/5.6. Pia itakuza kila udhaifu ambao zumu yako tayari inao.

Ila wewe uko upande wa bahati. Bahari saa mbili asubuhi ina mwanga tele, na ngalawa si winga, kwa hiyo yale niliyomwambia ndugu wa Mbagala kuhusu f/4 wewe hayakubani. Ukipata fedha, tafuta zumu ndefu yenye tundu dogo, kama zile 150-600 za f/5-6.3 zinazotengenezwa na Sigma na Tamron, ukijua kwamba zinakaribia kilo 2 au kuzidi na zinahitaji mguu mmoja wa kuzisimamisha. Kabla ya hapo, zungumza na manahodha. Nafasi ndani ya mtumbwi unaokwenda sambamba na ngalawa itakutosheleza kwa hiyo hiyo 300, na hutapiga kupitia ule mvuke wa joto unaopanda juu ya maji kuanzia saa nne, ambao hauna lenzi ya kuutibu. Ukiwa chomboni usishuke chini ya 1/1000, na kamera ifunge ndani ya mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi tu, maana chumvi ikishaingia kwenye pete ya zumu utaisikia ikisaga kila unapovuta.