Sensa Mbili Nilizozisingizia Ubovu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Fundi, kila mota ikiwaka kipimo cha tangi kinaruka. Nimeshabadilisha sensa mara mbili." Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Hata mimi nilibadilisha mbili.

Paneli ya umeme ya pampu ile niliijenga mwenyewe, nyaya zimelala kama nywele zilizosukwa. Kwa kuwa treyi ya kupitishia nyaya ilikuwa moja, kebo ya mota inayotoka kwenye inveta (kifaa kinachoendesha mota na kubadilisha kasi yake) niliilaza ubavuni mwa waya wa sensa, mita 30 nzima, nikazifunga pamoja. Nadhifu kweli! Pampu nilikuwa nimeipangia iwake tangi likishuka hadi nusu, izime likifika robo tatu. Kwa nusu, sensa inatoa miliampia 12. Pampu ikiwaka tu, 16, namba ya robo tatu. Inazima. Namba inarudi 12, inawaka tena. Usiku kucha, kontakta, swichi ya kuwasha pampu, inagonga ta-ta-ta. Mkubwa wangu akasimama mlangoni, mikono mfukoni, akawaambia vibarua, "Huyu ndiye mtaalamu wenu." Maneno yale bado yananiwasha.

Kilichoniokoa ni waya wa majaribio niliouburuta sakafuni, mbali na treyi. Pampu ikawaka, namba ikabaki 12. Inveta hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya unaoandamana na kebo yake huzidaka zile kelele zote za umeme.

Kwa hiyo tenganisheni, jamani! Treyi mbili, na kati yake mimi sishuki chini ya sentimita 30. Nafasi hakuna? Wekeni kizuizi cha chuma katikati, kifungwe athi, yaani kiunganishwe na ardhi. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, kwa nyuzi 90. Waya wa sensa uwe jozi iliyosokotwa, na wavu wake wa kinga ufungwe athi upande wa paneli tu. Wangu niliufunga huku na huku nikijiona mjanja, kumbe nimeufungulia umeme njia ya kuzunguka ndani ya wavu wenyewe. Kebo ya mota ni kinyume chake: wavu hufungwa pande zote mbili, kwenye paneli na kwenye kasha la mota.

Na msiniambie mteja amekataa kulipia treyi ya pili. Mteja atajuaje? Fundi ni wewe, mweleze. Tenganisheni, nasema tena.

Zile sensa zangu "mbovu" bado ziko kwenye droo. Baada ya ujumbe wa juzi nimezitoa, nikazifuta vumbi na kuzipima. Zote mbili nzima.