Rola kosta Shangani? Nionyesheni kwanza mwenye spana

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Ungependa kwenda wapi na marafiki zako kupanda rola kosta kando ya bahari, na je, umefika wakati Mtwara au Lindi nayo ijengewe yake?"

Rola kosta ni ile treni ya michezo inayopandishwa mlima wa reli na kuachiwa ishuke kwa kasi. Sehemu ya kwanza haina ubishi. Blackpool, Uingereza, wana bustani ya michezo ya ufukweni tangu 1896, na treni yao kubwa ya chuma iliyofunguliwa 1994 inapanda zaidi ya mita 60 huku bahari iko hapo mbele. Coney Island, New York, ndiko LaMarcus Thompson alikofungua reli yake ya burudani mwaka 1884, nauli senti 5, mwendo kama kilomita 10 kwa saa. Rola kosta iitwayo Cyclone, ya hapo hapo, ni ya 1927 na bado inapakia watu. Mwenye visa na nauli aende, safari njema.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu. Jibu langu ni isijengwe. Na mkiniruhusu, nitajibu swali ambalo hamkuuliza: nani atashika spana saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, hata siku ambayo hakuna mteja?

Rola kosta haina injini ndani ya treni. Mota iko chini, inazungusha mnyororo, mnyororo unaivuta treni mpaka kilele cha mlima wa kwanza na kuiachia. Kuanzia hapo ni uzito wake wenyewe. Kilele cha mita 20 kinatoa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa kule chini, kabla hujatoa kinachopotea kwa msuguano na upepo. Kimo cha mita 40 hakikupi 140, kinakupa kama 100. Ile tak-tak-tak mnayoisikia wakati wa kupanda ni meno ya chuma chini ya behewa yanayodondokea kwenye ngazi iliyo katikati ya reli, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Breki nazo nyingi hufungwa na springi na kufunguliwa na hewa ya kompresa, kwa hiyo hewa ikiisha zinakaba zenyewe. Basi wanaouliza "na umeme huu wa kukatika-katika itakuwaje" wanaogopa kisichostahili kuogopwa. Umeme ukikatika mkiwa mnapandishwa, mtakaa juu mkitazama majahazi mpaka fundi aje kuwashusha kwa ngazi ya pembeni.

Cha kuogopa ni chumvi. Mwenye nyumba ya bati Shangani, hapa Mtwara, au Mikindani hahitaji kuelezwa. Upepo wa kusi ukianza Aprili mpaka Septemba unatwanga mawimbi na kuleta ukungu wa maji ya chumvi ambao hutua kwenye nyuzi za boliti, kwenye maungio yaliyochomelewa, na ndani ya kila paipu ambayo mdomo wake haukuzibwa. Kutu ya nje unaiona, unapiga msasa, unapaka. Ya ndani ya paipu inakula ukuta wa chuma huku rangi ya nje inang'aa, na siku ya kuijua ni siku paipu inapokunjika. Ndiyo maana nguzo za ufukweni huchovywa kwenye zinki kwanza, rangi baadaye. Boliti iwe na nambari kichwani, 8.8 au 10.9, hiyo ndiyo nguvu yake. Isiyo na nambari ikafunge mlango wa banda la kuku. Nati yenye pete ya nailoni ndani ikishafunguliwa haifai kurudishwa, iwekwe mpya. Na boliti ya stenlesi kwenye sahani ya aluminiamu, kwa hewa hii yetu, aluminiamu italiwa kuzunguka tundu mpaka boliti icheze.

Wenyeji wa Lindi mjini wataikumbuka ile treni ya watoto ya Idd, yenye kichwa cha joka. Jina la mwenye mashine halina faida hapa. Ilikuja kwa vipande juu ya Fuso, ikaunganishwa kwenye kiwanja cha mchanga nyuma tu ya ufukwe: reli ya mviringo yenye kilima kimoja kidogo, miguu ya chuma kila baada ya hatua tatu nne, na mota kwenye behewa la mbele. Vijana waliweka pimamaji kwenye mguu wa kwanza tu, mingine wakaipima kwa jicho. Chini ya miguu wakapanga mawe ya matumbawe, kwa kuwa yamejaa pale na ni ya bure.

Sasa, Idd el-Fitri huja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama ni bamvua, yaani bahari hujaa kupita kawaida. Haikosi. Na bamvua pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Mvuvi yeyote angewaambia, ila hawakumwuliza mvuvi. Saa kumi jioni, ambayo ndiyo saa watoto wamevaa nguo mpya na wamejaa kiwanjani, maji yalikuwa yamepanda pia chini ya mchanga, pasipoonekana. Mchanga uliolowa ukitikiswa hushuka. Mguu mmoja wa kwenye kona, upande wa bahari, ukazama kama vidole viwili.

Vidole viwili ni vidogo machoni. Kwenye kiungo cha reli ni vikubwa: kipande kimoja kimeshuka, cha pili kimebaki, na gurudumu linapopita linagonga ngazi. Ikaanza kusikika tok, kila mzunguko, pale pale. Dawa ya kwanza ya mwendesha mashine ilikuwa kuongeza sauti ya spika. Kulikuwa na mzee fundi majahazi amekaa kwenye kivuli cha mwembe, akawa anahesabu tok ile kwa kidole kwenye goti, kisha akanyanyuka akaenda kumwambia yule kijana, "Mwanangu, simamisha, shusha watoto." Kijana akasema, "Shikamoo mzee, ni grisi tu hiyo." Mzee akaitikia marahaba, akaweka mkono wake juu ya swichi na hakuuondoa.

Watoto wakashushwa. Kikaanza kilio, na wazazi wakadai hela zao. Vijana wakaleta jeki, wakainua mguu na kuongeza jiwe jingine la tumbawe juu ya lile la kwanza. Treni tupu ilipopita, jiwe likavunjika na kuwa unga. Tumbawe lina matundu, halivumilii kugongwa-gongwa kwenye sehemu moja. Mzee akatuma mtu nyumbani akalete vipande vya mbao ya mkongo vilivyobaki kwenye ukarabati wa chombo, unene wa vidole vitatu. Kazi aliyoisimamia ndiyo ambayo ingefanyika asubuhi. Boliti za kiungo zililegezwa kwanza, maana ukiinua mguu huku kiungo kimekazwa unaipinda reli. Jeki ikawekwa chini ya boriti, isiguse reli. Mchanga uliolowa ukachimbwa mpaka kiwiko. Mbao zikalazwa tabaka mbili, la juu likikatisha la chini, pana mara nne ya kikanyagio cha mguu, na juu yake sahani ya chuma. Mguu ukashushwa polepole, pimamaji ikawekwa kwa urefu na kwa upana. Boliti zikakazwa kwa kukatisha, kona kwa kona, kidogo kidogo, siyo moja mpaka mwisho halafu inayofuata. Ni wakati huo ndipo ilipoonekana kwamba nati moja haikuwapo kabisa na nyingine ilikuwa imefungwa kwa waya.

Treni ikapitishwa tupu. Ikapitishwa na magunia ya mchanga kwenye viti. Ikaachwa itulie, ikapimwa tena. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa na biashara ya siku ikawa imekufa. Hakuna mtoto aliyekwaruzika, ndiyo maana habari hiyo haikuandikwa popote.

Nimeieleza treni hiyo kwa urefu kuliko mhariri atakavyopenda, lakini hiyo ilikuwa ya kilima kimoja, mwendo wa mtu anayekimbia. Sasa ifikirie ya mita 20.

Basi kwa mnaokwenda kwa makundi, iwe Blackpool au popote, tumieni muda wa foleni kutazama. Kwenye nati za nguzo na viungo utaona mstari wa rangi uliochorwa kuanzia kwenye nati mpaka kwenye sahani. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukiwa umekatika, nati imezunguka na hakuna aliyeiangalia. Tazameni magurudumu: yawe ya juu yanayobeba, ya ubavuni yanayoongoza, na ya chini ya reli yanayozuia treni isiruke kwenye vilele. Hayo ya chini John Miller, mbunifu wa rola kosta wa Marekani, aliyasajili 1919, na bila hayo milima mikali isingewezekana. Asubuhi treni hupitishwa tupu kabla ya watu. Mkifika mapema mkaona watu ndio wa kwanza kupakiwa, kaleni chipsi kwanza.

Viti. Wa nyuma wanavutwa kwenye kilele wakati treni imeshashika kasi, ndio wanaonyanyuka zaidi. Wa mbele wananing'inia na kuona yote. Kama nondo ya kuwazuia ni moja kwa watu wawili, msikae mnene na mwembamba pamoja: nondo itaishia kwenye tumbo la mnene na mwembamba atabaki na nafasi ya kuchomoka. Hili marafiki hawapendi kuambizana, afadhali liwatie aibu kidogo. Mtandio ubanwe na pini na ncha ziingizwe ndani ya nguo, kanga iachwe chini kwa mwenzenu asiyepanda, maana magurudumu yako karibu na miguu. Kipimo cha urefu wa mtoto hakina mjomba. Na anayesema hapandi, msimbebe kwa utani.

Wanaotaka kupinduliwa kichwa chini nawaambia hivi tu: Coney Island walijaribu mwaka 1895 kwa duara kamili, na hesabu ya duara kamili inasema mtu akiingia chini anabebeshwa kama mara 6 ya uzito wake. Shingo za watu ziliuma. Duara la siku hizi lina umbo la chozi lililopinduliwa, mpindo wake ni wa polepole chini na mkali juu, na hilo ni la kutengenezwa kiwandani na kuletwa kwa meli, siyo la kuchomelewa gereji.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza kukataa. Lakini kuna ile Luna Park ya Melbourne, Australia, mtaa wa St Kilda, hatua chache kutoka baharini. Reli yake ni ya mbao, ya mwaka 1912, haina duara wala mbwembwe, na kwenye kila treni anasimama mtu wa breki na mkono wake kwenye mtaimbo. Zaidi ya miaka 100 upepo wa chumvi unaipiga. Imedumu kwa sababu mbao hubadilishwa moja moja kila inapooza, na reli hukaguliwa. Kazi hiyo kusini hatuwezi kusema hatuijui. Kuna watu Mikindani, Lindi na Kilwa ambao maisha yao yote ni kugonga ubao wa chombo na kujua kwa sauti kama umeoza.

Kwa hiyo nabadilisha: ya chuma isijengwe, ya mbao naiona. Ya chini, kilele kisizidi mita 12 au 15, mtu wa breki awemo. Isiwe mchangani kabisa. Nguvu ya chumvi inapungua sana mita mia chache kutoka majini, na juu ya kilima cha Lindi bahari inaonekana vizuri kuliko ukiwa ufukweni. Nguzo zikae juu ya zege lililoinuka, mbao isiguse udongo, la sivyo mchwa wataimaliza kabla ya chumvi. Kimbunga nacho kipo kwenye hesabu. Cha 1952 kilipiga Lindi, Kenneth mwaka 2019 kilipita hapo Msumbiji, na Hidaya mwaka 2024 kilituacha bila barabara ya Dar. Huko New Jersey, Oktoba 2012, rola kosta ya juu ya gati iliangukia baharini ikiwa karibu nzima na kukaa humo mpaka Mei iliyofuata. Si reli iliyoshindwa, lililoondoka ni gati chini yake.

Biashara yake, kama kuna mfanyabiashara anasoma, ni ya miezi michache. Kusi likivuma sana treni nyepesi inaweza kukwama bondeni, na masika hakuna atakayepanda. Msimu ni kuanzia Septemba, kusi likilegea, mpaka mvua zinapoanza. Bahati nzuri ndio msimu wa korosho, na watu wanakuwa na hela za minada, zikilipwa kwa wakati.

Miezi inayobaki ndiyo ya kufungua boliti, kupiga msasa, kubadilisha mbao na kupaka. Mafundi wawili wa kudumu, wanaolipwa mwaka mzima hata geti likiwa limefungwa, waandikwe kwenye bajeti kabla ya taa za rangi na spika.

Msomaji wenu,
Mikindani