Mtaro umeziba mtaani: anzia wapi, uandike nini

Masika ikianza Dar es Salaam, simu ya mwenyekiti wa mtaa haipoi. Mtaro umefurika, choo cha jirani kimetapika, bajaji hazipiti. Malalamiko ni ya kweli, ila yamekuja mwezi mbaya. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na ikifika Aprili bajeti ya halmashauri imeshapita kwenye Baraza la Madiwani, iko Dodoma. Jambo ambalo mtaa haukulipeleka mapema, vipaumbele vilipokuwa vinakusanywa, litaambiwa "tumelipokea", basi.

Kabla ya kupeleka lolote, jueni mtaro ni wa nani. Ukiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, ni wa TANROADS, wakala wa barabara hizo. Barabara za mitaani na mitaro yake zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Chemba ya bomba la majitaka ikifurika, hiyo ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, hata kama maji yake yanaishia mtaroni. Vijifereji vya kati ya nyumba na nyumba ni vyenu wenyewe. Barua ikiangukia mlango usio wake, hakuna anayeihamisha haraka. Inakaa kwenye faili hadi mtu aiulizie.

Watu wengi pia wanachanganya viongozi. Balozi wa nyumba kumi ni ngazi ya chama, si ya serikali. Atakusaidia kufahamika, lakini sahihi yake haiisukumi barua ya mtaro. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi. Afisa mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye katibu wa mkutano na ndiye anayeandika muhtasari. Kwa hiyo barua iende kwa mtendaji, nakala kwa mwenyekiti.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Baada ya "YAH:" taja tatizo na mahali, kwa mfano "Kuziba kwa mtaro kuanzia msikitini hadi darajani". Kisha weka vipimo: urefu wa sehemu iliyoziba, upana, kina, kipenyo cha kalavati, na idadi ya nyumba zinazoingiliwa na maji. Ambatanisha picha mbili zilizopigwa pale pale, moja wakati wa kiangazi na nyingine baada ya mvua. Chapisha nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na sahihi. Bila muhuri huo, miezi michache baadaye mtaanza kubishana kama barua ilifika.

Halafu ombeni iwe ajenda ya mkutano wa mtaa. Hapa ndipo mambo mengi yanafia. Watu husimama, husema kwa uchungu, hupigiwa makofi, na kwenye muhtasari inaandikwa "wananchi walilalamikia mazingira". Kabla mkutano haujafungwa, ombeni katibu asome azimio kwa sauti: kitu gani, kipande gani, nani apeleke, lini. Muhtasari huo ndio unaopanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu. Baraza la Madiwani lenyewe hukaa kila robo mwaka, hivyo muulizeni diwani mapema kikao kijacho ni lini.

Sasa usafi wa kujitolea, maana si kila kitu kingoje bajeti. Pigeni hesabu ya tope kwanza. Mita 50 za mtaro wenye upana wa sentimita 60, uliojaa kwa kina cha sentimita 40, ni mita za ujazo 12. Tope bichi ni zito, mita moja ya ujazo hufika tani moja na nusu na zaidi, kwa hiyo kenta ya tani tatu itakwenda safari sita au saba. Wengi huchanga hela za majembe na vibarua, wakasahau gari. Tope linarundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Liacheni lichuje maji siku mbili, kisha liondoke. Wakati mzuri ni Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Anzeni kuchimba upande wa chini, maji yanakoelekea. Mkianzia juu mnasukumia taka kwa wenzenu.

Chanzo kikubwa cha kuziba si chupa za maji, ingawa ndizo zinazoonekana. Ni vivuko vya kuingilia nyumbani: kila mmoja ameziba juu kwa zege moja refu, chini kaweka bomba jembamba, mchanga unanasa hapo na hakuna mkono unaofika. Kubalianeni kwenye mkutano kwamba vivuko viwe vya vipande vinavyonyanyuka. Kwa mtaro wa sentimita 60, kipande chenye nondo, urefu sentimita 80, upana 40, unene 8, kina uzito wa kilo 60 hivi. Watu wawili wanakiinua. Hicho ni cha waenda kwa miguu tu. Gari likipita kitapasuka.

Michango nayo iwe na kiwango kilichoandikwa kwenye muhtasari, stakabadhi kwa kila anayetoa, na matumizi yabandikwe ubao wa ofisi ya mtaa. Malipo yoyote ya halmashauri yalipwe kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), si mkononi.