Kidevu cha binti yangu kinaelekea kushoto: apigwe picha gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 17. Kwa mwaka mmoja sasa kidevu chake kinazidi kwenda kushoto, na meno ya juu na ya chini hayakutani. Alipigwa picha ya taya zima, ile wanayoiita OPG, tukaambiwa kichwa cha mfupa wa taya kulia, yaani ncha yake ya juu kwenye kiungo karibu na sikio, ni kikubwa kuliko cha kushoto. Wengine wanatushauri CT, eksirei ya kompyuta, wengine skani ya mifupa. Tupige zote?

JIBU: Marahaba, mama. Msipige zote kwa pamoja. Jambo la kujua kwanza ni kama taya bado linakua, na picha moja haiwezi kukuambia hilo.

OPG imewashtua, na hiyo ndiyo kazi yake. Kwa vipimo siiamini sana. Mgonjwa akigeuza kichwa kidogo tu mashineni, upande mmoja wa taya hutanuka pichani na mwingine hubanwa. Mwombe daktari wa meno alinganishe upana wa magego ya kulia na ya kushoto kwenye picha hiyo: yakitofautiana nayo, huenda ni mkao tu.

Halafu, kidevu kwenda kushoto si lazima kosa liwe kulia. Huenda mfupa wa kushoto ndio uliodumaa, kwa mfano baada ya kiungo cha taya kuvunjika utotoni. Je, aliwahi kuanguka akagonga kidevu? Mweleze daktari, hata kama ni zamani.

CT ya meno, ambayo kwa kawaida mionzi yake ni kidogo kuliko ya CT ya hospitali, huonyesha umbo halisi la mfupa. Kompyuta huugeuza upande mmoja kama kwenye kioo na kuulaza juu ya mwenzake, tukapima tofauti kwa milimita. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: mstari wa katikati wa kugeuzia ukifuata kidevu ambacho tayari kimehama, hesabu yote inapotoka. Sharti ufuate alama za kitako cha fuvu.

Skani ya mifupa hutumia teknisiamu-99m, dutu yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Hujikusanya mahali mfupa unapojengwa. Kichwa kimoja cha taya kikichukua 55% au zaidi ya jumla ya pande zote mbili, tunashuku kinakua kupita mwenzake. Lakini uvimbe wa kiungo nao hufanya hivyohivyo, kwa hiyo skani peke yake isimpeleke mtoto kwenye upasuaji.

Ningeanza na CT moja ya meno, picha za kawaida za uso na vielelezo vya plasta vya meno. Picha za uso na plasta hazina mionzi. Zirudiwe baada ya miezi 6. Kidevu kikiwa kimesogea tena, hapo skani ya mifupa ina maana, kwa sababu taya likinyooshwa huku bado linakua, litapinda upya.

Akipata ganzi ya mdomo wa chini, au uvimbe unaokua haraka, msisubiri miezi hiyo. Mpelekeni mara moja.