Ziba Mabomba Kabla ya Kutega Panya

Panya anapoonekana bafuni au chini ya sinki la jikoni, wengi hukimbilia sumu, ilhali kwangu usumbufu huo ulikoma pale tu njia aliyoingilia ilipozibwa. Panya wa kahawia, anayezoea kuishi katika mabomba ya maji taka, ni mwogeleaji hodari na huweza kubana pumzi kwa takribani dakika 3, kwa hiyo yale maji yanayotuama kwenye kona ya bomba la choo huzuia harufu lakini hayamzuii yeye.

Hata hivyo, usikodolee macho choo peke yake. Fundi bomba aliyekuja kwangu alikuta, nyuma ya kabati, bomba la sinki la zamani ambalo liliachwa wazi ukutani sinki lilipohamishwa, na nadhani mabomba ya namna hiyo ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Kagua pia maungio yaliyolegea na uwazi unaozunguka bomba linapopenya ukuta au sakafu, kwani tundu la milimita 20 linamtosha panya mzima. Pasipoonekana kitu, fundi anaweza kupuliza moshi ndani ya bomba na kutazama unakotokea.

Bomba lisilotumika lifungwe kwa kifuniko imara au simenti. Penye uwazi, shindilia nyuzi za chuma kisha upige simenti juu yake. Povu la kuzibia, ambalo mafundi wavivu hulipenda mno, panya hulitafuna kwa urahisi. Ikiwa wanapanda kutoka kwenye bomba kuu, omba ufungiwe kwenye chemba yako vali ya njia moja yenye ulimi wa chuma cha pua, unaoruhusu maji kutoka na kumzuia panya kuingia, mradi ukubali kuisafisha mara kwa mara, maana uchafu ukinasa, ulimi haufungi.

Mitego itegwe baada ya kuziba, kwa ajili ya waliobaki ndani. Sumu naiepuka, kwa kuwa panya akifia ukutani harufu yake hudumu kwa muda mrefu. Unaposafisha, vaa glavu, kwa sababu mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospirosisi; lowesha kinyesi kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kukifuta, wala usikifagie kikavu.