Wafanyakazi wamepigana dukani: kabla hujafukuza mtu

Ndugu, umeuliza ufukuze yupi kati ya vijana wako wawili waliopigana dukani kwa sababu ya manko, yaani pesa zilizopungua kwenye hesabu. Leo usifukuze yeyote. Warudishe nyumbani, kila mmoja kwa saa yake, kesho uwasikilize mmoja mmoja, pembeni.

Mimi nina mashine ya kusaga unga hapa Lubumbashi, kule Katuba. Kijana wangu wa mashine alimpiga kichwani, kwa nondo tuliyokuwa tunafungia mlango, mwenzake aliyekuwa anapima meka (kipimo chetu cha unga) na kupokea pesa. Unga uliokuwa kwenye nywele zake ukawa uji mwekundu, ukamtiririkia machoni. Akina mama waliacha mabeseni yao kwenye foleni wakakimbia. Akashonwa nyuzi sita.

Niliwaambia watu ni hasira ya ghafla. Si kweli. Kila pesa ilipopungua jioni nilikuwa nakata nusu kwa huyu na nusu kwa yule, nikidhani ndiyo haki. Aliyepiga hakuwa amechukua hata faranga moja. Nilikuwa namlipisha deni la mwenzake mwezi baada ya mwezi. Tena dalili nilizipata. Walizoea kula bukari (ugali) sahani moja saa sita. Wiki tatu kabla ya siku ile, kila mtu akaanza kula peke yake. Niliona, nikanyamaza.

Siku hizi sanduku la pesa lina mtu mmoja tu kwa zamu. Wakipokezana wanahesabu wote wawili na kutia saini kwenye daftari. Mshahara unatoka tarehe yake, hata ikibidi nikope. Simkaripii mtu mbele ya wateja. Umeme ukikatika, hapo ndipo hata wateja wanagombania nafasi, kwa hiyo kila beseni linaandikwa namba kwa chaki mapema. Nondo iko ndani.

Sheria yetu ya kazi hapa Kongo, ya 2002, inahesabu kupiga, kutisha na kutukana vikali kuwa kosa zito, na inamhusu patroni, yaani mwajiri, pia. Usimpige kofi mfanyakazi ukadhani unamfundisha.

Yule wa nondo nilimwachisha; angeweza kuua. Lakini nilimrudishia pesa zote nilizomkata. Alizihesabu mara mbili, akaniuliza: "Patroni, kwa nini hukuniuliza hata siku moja?"