Re: Natetemeka nikifika kazini na kinga (baiskeli)

Jambo ndugu. Unasema unatoka Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, na kinga hadi mjini, ukifika mikono inatetemeka, lakini ukila bukari (ugali) asubuhi tumbo linakuwa zito. Kwanza angalia jana usiku ulikula nini na saa ngapi. Mara nyingi shida inaanzia pale. Mimi bukari na samaki ni za jioni. Asubuhi ndizi mbili na chai yenye sukari, basi. Viazi vitamu vya kuchemsha nabeba, navila nikifika. Karanga ni nzuri, ila ziache za saa nne: zina mafuta, hazishuki haraka. Mwezi wa kumi, kwa joto lile, usisahau maji. Kama una kisukari, muone daktari kabla ya kunifuata.